Kiungo Nisichokumbuka Kukifunga

Nilikuwa fundi wa paipu kwa miaka mingi, na jambo nililojivunia kuliko yote ni kwamba nilijua nilichozika. Mtu anayejenga nyumba huiona kila akipita. Fundi wa paipu akimaliza kazi anaifukia, anakanyaga udongo kwa buti, anaenda zake. Kazi yake inabaki kichwani, na mimi niliamini kichwa changu ni kizuri.

Ile paipu tuliilaza miaka ya sabini ikielekea kuisha. Ilitoka kwenye chemchemi upande wa milima ya Meru, ikapita kando ya mashamba ya Burat, ikavuka uwanda wa miba mpaka kwenye tangi la mawe katika kijiji cha wafugaji, wengi wao Waturkana kama mimi. Wazee wa pale walikuja Isiolo zamani kutafuta malisho na vibarua, wakabaki. Mimi nilikuwa nakaa Chechelesi, mjini Isiolo, na mke wangu. Kila Jumatatu alfajiri nilitoka na mkebe wa chakula, Jumamosi nikarudi nikiwa mwekundu wa vumbi mpaka kope.

Nyapara wetu alikuwa Mmeru mzee, mkali, asiyevumilia kazi mbovu. Alitufundisha kufunga kiungo kwa katani na rangi nyekundu, na kila kiungo kikishakazwa, tukikate alama ndogo kwa msumeno wa chuma, ili akipita kukagua ajue hakuna kilichoachwa kikiwa legelege. Wenzangu wote walitumia mkono wa kulia, alama zao zikasimama wima. Mimi natumia wa kushoto. Yangu ililala upande, kama mtu aliyeegemea ukuta. Nyapara alikuwa akisema, "Hii ni ya yule wa kushoto," na kupita bila kukagua. Nilipenda sana kusikia hivyo.

Paipu ikafanya kazi. Watu wakasahau safari za kwenda mtoni na punda. Kisha katikati ya miaka ya themanini ukaja ule ukame mkubwa, na siku moja nikiwa nyumbani nikaona wageni watatu mlangoni. Aliyekuwa mbele ni mwenyekiti wa kamati ya maji ya kile kijiji, mama mrefu, mzee wa kanisa, anayeongea polepole kana kwamba kila neno analitoa kisimani. Nyuma yake walikuwa wanaume wawili wa kamati.

"Habari ya hapa, fundi."

"Mzuri, mama. Karibuni."

Hakukaa. "Maji imekatika, hii ni wiki ya tatu. Tumeenda juu mpaka kwa chemchemi, tumeona na macho yetu, inaingia kwa paipu vizuri. Huku kwa tangi hakuna hata tone. Sasa tunauliza, inaenda wapi?"

"Ramani iko wapi?"

"Ramani ilienda na mhandisi wa mradi. Nyapara wenu alishazikwa, na wale wengine walitawanyika, hatujui wako wapi. Tumebaki na wewe."

Nilicheka, nikamwambia ramani haihitajiki. Nilimwambia hivyo mbele ya mke wangu, nikigonga paji la uso kwa kidole.

Kesho yake tulikuwa uwandani, watu kama ishirini na majembe na sururu. Niliwaambia paipu iko hatua kumi na mbili kutoka ukingo wa barabara, upande wa magharibi, kwenye mstari wa ule mgunga wenye mashina pacha. Mgunga wenyewe haukuwepo. Miti yote mikubwa niliyoikumbuka ilikuwa imeenda kuwa makaa. Lakini barabara ilikuwepo, kwa hiyo nikahesabu hatua zangu, nikachora mstari kwa kisigino, nikasema, "Chimbeni hapa."

Walichimba mpaka kiunoni. Mawe na changarawe tu.

Nikasogeza mstari hatua mbili. Wakachimba tena. Jua lilikuwa kali, watu hawakuwa wamekula, na wengine walianza kuniangalia kwa jicho la pembeni. Mzee mmoja aliketi juu ya kifusi akauliza, "Fundi, ama hiyo paipu ilikuwa na miguu?" Watu wakacheka. Mimi pia nikajichekesha. Nilikuwa naona kabisa, kama picha, mahali tulipoweka ile paipu: nyapara amesimama kwenye mtaro, mgunga upo kushoto, barabara ipo hapa. Na hapa hapakuwa na kitu.

Mama mwenyekiti alikuwa amesimama peke yake, mkono juu ya macho, anaangalia mbali. Akaniita.

"Fundi, hii barabara unapima, ni gani?"

"Ni barabara, mama. Iko moja tu."

"Hapana. Hii walilima na greda juzi juzi. Ile ya zamani ilikuwa inapita kule." Akaonyesha mstari wa mawe na vichaka, mbali kidogo, ambao nilikuwa nimeupita asubuhi bila kuujali.

Nilisimama nikigeuka huku na huku. Kwa muda sikuweza kuweka mambo sawa, barabara ipi ni ya picha yangu na ipi ni ya leo. Nilikuwa nimepita kwenye barabara mpya mara nyingi, kumbe kichwa changu kimeing'oa ile ya zamani taratibu na kuipanda hii mahali pake, bila kunipa habari. Tulihamia kwenye mawe, nikahesabu hatua kumi na mbili, na sururu ya kwanza ikalia juu ya chuma. Watu wakapiga kelele za furaha. Mimi nilikuwa na haya.

Kuanzia hapo kazi ilikuwa rahisi. Tulilegeza kiungo kimoja upande wa juu, maji yakaruka kwa nguvu mpaka tukalowa. Tukaenda mbele sana, tukalegeza kingine, yakatoka kidogo kidogo kama mkojo wa mbuzi mgonjwa. Basi yalikuwa yanapotelea katikati. Na katikati kulikuwa na laga, mto wa mchanga usiokuwa na maji ila mvua ikinyesha.

Kwenye ukingo wa laga tuliona kijani. Vichaka vya mswaki vilikuwa vimenawiri katika uwanda ambao mwaka ule hata miba ilikuwa imekunjamana. Njiwa waliruka tulipokaribia. Chini kulikuwa na kwato za punda, mbuzi na ng'ombe, mamia ya kwato, na katikati ya matope birika la saruji lililovunjika upande mmoja, limejaa mchanga nusu. Juu yake kulikuwa na mdomo wa paipu nyembamba. Koki haikuwepo, imevunjwa. Maji yalikuwa yanatoka kwa wingi, hayaachi, yanaingia mchangani.

"Hii ni nini?" mama mwenyekiti akauliza.

"Ni mwizi," nikasema. "Sisi hatukuweka tawi hata moja kwenye hii laini. Nyapara alikataa. Mtu alikuja baadaye, akatoboa paipu yetu, akajiunganishia."

Nilisema mengi siku ile. Nilisema mtu wa namna hiyo anakunywa damu ya watoto wa wenzake. Wanaume walikubali, wakatukana pamoja nami, na tukaanza kuifuata paipu nyembamba kuelekea laini kubwa ili tumkate. Mimi mwenyewe niliingia mtaroni, nikafukua kiungo kwa mikono. Kilikuwa cha njia tatu, kile tunachokiita ti. Nilikipangusa kwa shati. Rangi nyekundu, safi. Katani imezungushwa vizuri, haijaning'inia. Na juu ya shingo ya kiungo kulikuwa na alama ya msumeno, imelala upande.

Nilikaa chini mle mtaroni. Nilipangusa tena. Nikaweka ukucha wangu kwenye ile alama, nikaona unavyoingia kwa mshazari uleule. Katika kazi ile hakukuwa na mtu mwingine wa mkono wa kushoto. Nilijaribu kukumbuka siku niliyofunga kiungo kile, na hakukuwa na siku. Si kwamba nilikumbuka vibaya, kama barabara. Hapakuwa na kitu kabisa.

"Fundi, kuna nini?" Mama mwenyekiti alikuwa ameinama juu yangu.

Ningeweza kunyamaza. Kati ya waliokuwa pale, hakuna aliyejua habari ya alama ila mimi. Lakini sikuwa na akili ya kupanga uongo wakati ule. Nikasema, "Mama, hii mkono ni yangu."

"Ati?"

"Ni mimi nilifunga. Lakini sikumbuki."

Hakuna aliyecheka. Mmoja wa wanaume wa kamati alitupa jembe chini. "Saa hii tu ulikuwa unamwita mwizi," akasema. "Sasa mwizi amekuwa wewe?"

Mama mwenyekiti aliwaambia watu wafunge ule mdomo wa paipu kwa kipande cha mti na mpira kwa sasa, kisha akaniuliza kama kuna mtu aliyewahi kukaa mahali pale. Yule mzee wa mzaha ndiye aliyejibu. Alituonyesha kuta fupi za udongo nyuma ya vichaka. Alisema barabara ya zamani ilipokuwa ikipita hapo, kulikuwa na mama Msomali mwenye hoteli ya chai ya madereva wa malori. Barabara ilipohamishwa, naye akahamia mjini. Huyo mama nilimkumbuka vizuri. Sisi wafanyakazi wote tulikunywa chai yake. Lakini birika sikulikumbuka, wala tawi.

Nilimkuta kwake karibu na msikiti, amekaa barazani anachambua mchele. Alikuwa wa zile familia za askari wa zamani wa mkoloni waliopewa makao Isiolo, na mume wake alikuwa na lori. Alikuwa amezeeka lakini macho yalikuwa makali.

"Salaam aleikum, mama."

"Aleikum salaam." Akanitazama. "Waryaa! Ni wewe? Yule kijana wa homa! Umenenepa, alhamdulillahi."

"Homa gani, mama?"

Akadhani natania. Alipoona sitanii, aliweka ungo pembeni. Alisema nilianguka mbele ya hoteli yake nikitetemeka kwa malaria. Wakaniingiza ndani, nikalala kwake siku nne. Alininywesha supu na dawa. Siku ya tatu, saa ya adhuhuri, niliamka bila kusema neno, nikachukua vyombo vyangu, nikaenda kwenye mtaro uliokuwa bado wazi. Alinifuata akinisihi nirudi nilale. Nilikuwa natiririka jasho. Nilifunga kiungo, nikavuta paipu nyembamba iliyokuwa imebaki pale, nikaileta mpaka kwenye birika la mifugo yake, ambalo siku zote lilijazwa kwa mapipa.

"Nikakuuliza, kijana, nani amekutuma? Ukasema, 'Hii maji ni ya ng'ombe ya baba yangu. Wamekaa na kiu sana.' Mimi nikafikiri ni asante unaleta kwa njia yako. Nikanyamaza. Nyinyi ndio watu wa mradi, sikujua ni kosa. Nilipohama nilifunga koki vizuri kabisa. Kama imevunjika ni hawa watu wa mifugo, ukame imewasumbua."

Ng'ombe wa baba yangu walikufa wote kwa ukame nikiwa mdogo sana, kabla hatujafika Isiolo. Baba hakuwahi kuzungumza habari zao, nami sikuwahi kumsimulia mtu yeyote mjini, hata wale tuliolala nao hema moja kwenye kazi. Mama yule angejuaje?

Nilirudi nyumbani nimeamini. Nilimweleza mke wangu yote, nikamalizia, "Kumbe niliumwa, ndiyo maana sikumbuki."

Alikuwa anakanda unga. Hakusimama. "Hukuumwa, baba watoto."

"Nililala kwake siku nne."

"Siku gani? Wakati mlikuwa mnachimba kule kwa laga ndio nilijifungua huyu wa pili. Ulikuwa unarudi kila jioni, unatembea kwa miguu, wenzako wakibaki huko. Ungekosa siku nne, mimi si ningejua? Mama yangu alikuwa hapa, angekuimbia wimbo mpaka leo."

"Sasa kiungo nani alifunga?"

"Mimi sijui mambo ya paipu. Najua ulilala hapa."

Niliwafikiria wale wanawake wawili kwa siku nyingi. Hakuna hata mmoja aliyekuwa na sababu ya kunidanganya. Mke wangu hasahau kitu kinachohusu uzazi wake. Mama wa chai alijua habari ya ng'ombe. Na mimi, mwenye mwili uliodaiwa kulala mahali pawili, sikuwa na ushahidi wowote ila ukucha wangu kwenye alama ya msumeno. Nilijaribu kujilazimisha. Nililala chali nikafikiria homa, nikafikiria birika, mpaka nikaanza kuliona birika likiwa jipya. Ndipo nikaogopa, maana nilijua tayari jinsi kichwa changu kinavyoweza kupanda barabara mahali ambapo haikuwepo.

Jumapili baada ya ibada kamati iliitisha mkutano karibu na tangi kavu. Niliambiwa nisimame nieleze. Nilieleza kama nilivyoeleza hapa, maneno ya mama wa chai na maneno ya mke wangu, bila kuchagua. Mambo yalikwenda vibaya sana. Watu wenye kiu hawataki hadithi yenye njia mbili.

"Fundi, jibu moja," yule mwanamume aliyetupa jembe akasema. "Ulikula chai ya huyo mama ama hukukula?"

"Chai nilikunywa. Sisi wote tulikunywa."

Baadhi wakacheka, wengine wakakasirika zaidi, kwa maana kila mtu alijua anaulizia chai gani. Kisha mchungaji mmoja wa ng'ombe aliyekuja kutoka mbali, ambaye hata hakuwa wa kijiji kile, akaomba kusema. Alisema yeye na wenzake wamenyweshea mifugo kwenye lile birika kwa kama mwezi sasa, wala hawakujua maji yanatoka wapi; walidhani yana chemchemi yake pale karibu. Koki walivunja wao, kwa sababu ilikuwa imeshika kutu na ng'ombe walikuwa wanaanguka. "Mkikata," akasema, "sisi tutachimba. Si kwa ubaya. Ng'ombe akilia kwa ajili ya maji, huwezi kumwambia habari ya kamati."

Kelele zikawa nyingi. Wengine walitaka ti ing'olewe siku ileile. Mama mwenyekiti aliwaacha waseme mpaka wachoke. Kisha akaniuliza, kwa sauti yake ya polepole, swali ambalo hakuna aliyekuwa ameniuliza tangu tulipoanza.

"Maji ya chemchemi inatosha wawili?"

Hilo nilijua. Nikamwambia, ikiwa wazi siku zote, haitoshi. Ikifungwa na kufunguliwa kwa zamu, inatosha, na tangi litajaa.

Wakaafikiana hivyo. Tuliweka valvu kwenye lile tawi, ndani ya kisanduku cha saruji chenye kifuniko na kufuli. Funguo mbili, mmoja wa kamati, mmoja wa wachungaji wenyewe, na wanafungua asubuhi mbili kwa wiki. Wachungaji walileta mchanga na mawe, tukajenga birika upya. Yule wa jembe ndiye aliyenichanganyia saruji. Hakunisemesha siku nzima, ila jioni alinipa maji ya kunawa kabla yake.

Maji yalifika kwenye tangi siku ya pili, mekundu kama chai, halafu safi. Akina mama walipiga vigelegele. Wazee wa kijiji walikuja kuweka mikono ndani wakisema "ngakipi, ngakipi", maji, maji, kama mtu anayemwita mtoto aliyepotea.

Baada ya hapo mama mwenyekiti hakunipa nafasi ya kupumzika. Alisema kijiji hakiwezi kuweka maji yake ndani ya kichwa cha mtu mmoja. Hakusema kwa kuniumiza, lakini iliniuma. Tulitembea laini nzima kutoka chemchemi, mimi na yeye na watu wa kamati, tukiweka nguzo fupi za saruji zilizopakwa chokaa kila mahali penye kiungo kikubwa. Kila nguzo aliandika kwenye daftari: hatua ngapi kutoka jiwe gani, nani alikuwepo. Miti alikataa kuiandika. Tulipofika kwenye tawi aliandika hatua na jiwe, kisha akainua kichwa.

"Hapa niandike nani alifunga?"

"Andika mimi," nikasema.

"Umekumbuka?"

"Hapana, mama."

Aliniangalia kidogo, akaandika, tukaendelea na nguzo nyingine.

Mke wangu na yule mama wa chai walikutana mara moja tu nikiwepo, sokoni, mbele ya muuza nyanya. Nilikuwa nimebeba kikapu. Niliwaza, leo ndiyo leo, nitawauliza wote wawili pamoja, mambo yaishe. Walisalimiana vizuri, kila mmoja kwa salamu yake. Mama wa chai akauliza habari za watoto, mke wangu akauliza habari za miguu yake. Wakazungumza juu ya nyanya, jinsi zilivyokuwa ndogo mwaka ule. Nilifungua mdomo mara mbili. Nilimtazama huyu, nikamtazama huyu, wote wawili wametulia, kila mmoja ana hakika yake, na nikaona kwamba nikiuliza, mmoja wao itabidi awe mwongo mbele ya mwenzake pale sokoni. Tena nilijua kwamba yeyote atakayeshinda, mimi nitaanza kukumbuka kama yeye.

"Twende," mke wangu akasema. "Unaangalia nini?"

Nikabeba kikapu, tukarudi Chechelesi.